Hatua Isiyoandikwa Ubaoni

Wanafunzi walimwita Mama Moto, na msidhani ni kwa sababu ya gesi ya maabara peke yake. Mwalimu huyu wa kemia alikuwa na hasira za moto wa kifuu: zinawaka fyuu, zinakuunguza nyusi, na kabla hujapata pa kukimbilia zimeshazima na yeye anakuuliza kama umekula. Aliyeingia maabara shati likining'inia alifokewa hadi akajuta kuzaliwa na kiuno. Aliyekimbia katikati ya meza alirudishwa mlangoni aingie upya, kwa mwendo wa bibi harusi. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuungua mbele yake, na kwa shule ya serikali yenye koki za gesi kongwe kuliko mwalimu mkuu, hilo si jambo dogo.

Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikaota mizizi vichwani mwa watoto: "Fanya nifanyavyo. Usiruke hatua." Hatua zenyewe aliziandika ubaoni kila kipindi, hata kama waliokuwa mbele yake walizijua kama majina yao. Kagua mpira wa gesi. Washa kiberiti. Sogeza moto kwenye mdomo wa kichomeo. Ndipo ufungue koki, polepole, kama unayemfungulia mgeni usiyemjua.

Kulikuwa na hatua moja ambayo hakuiandika. Kabla ya kushika kiberiti aliweka viganja viwili mezani, akainamisha kichwa, akafumba macho, na midomo yake ikacheza. Muda wa kumeza mate mara mbili, basi. Hakutoa sauti, wala hakumwambia mtu ainame. Ilikuwa sala yake na Mungu wake, aliyoianza baada ya siku moja mbaya katika shule aliyofundisha zamani, mpira wa gesi ulipochomoka na moto ukamrukia mikononi mbele ya darasa. Watoto walitoka salama wote. Yeye alitoka na makovu, na mikono ambayo tangu hapo ilitetemeka kila ilipokaribia koki. Akiomba kwanza, ilitulia tuli. Asipoomba, hakuna koki.

Sasa, wewe mwambie mtoto kila siku afanye ufanyavyo, asiruke hatua, halafu ushangae akifanya!

Mambo yaliharibika kwenye mtihani wa majaribio wa vitendo. Msimamizi alitoka shule nyingine, mwalimu kijana asiye na habari. Akatangaza, "Haya, anzeni." Karibu darasa zima likaweka viganja mezani, likainama, likafumba macho, midomo ikacheza. Yule kijana akadhani shule ina msiba, naye akainama! Aliposimulia baadaye kwenye chumba cha walimu, watu walicheka mpaka chai ikawapalia.

"Mama Moto," mwalimu wa michezo akamchokoza, "tuambie basi sadaka inapokewa saa ngapi, tuje na sisi."

"Wewe kwanza ulete ile mipira uliyoipoteza," akajibu Mama Moto, na akatoka nje na kikombe chake.

Hakucheka, lakini tusimsingizie: alifurahi. Alisimama kwenye veranda akaona raha moyoni kwamba watoto wale, bila kulazimishwa, walikuwa wamechukua kitu kutoka kwake kilicho kikubwa kuliko kemia. Mwalimu gani asingefurahi?

Raha hiyo haikuota mvi. Wiki hiyo hiyo aliitwa ofisini.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kujifuta uso kwa leso hata siku za baridi, na siku hiyo leso ilikuwa imeshalowa. Kwenye kiti cha wageni alikaa mwanamume mwembamba, kofia magotini, vinywele vya watu vimemganda kwenye mikono ya shati. Huyo alikuwa kinyozi, mwenye kibanda chake karibu na geti la shule.

"Mwalimu, karibu ukae," mwalimu mkuu akasema. "Huyu ni baba wa yule binti wa meza ya dirishani."

"Namjua binti. Mkimya, lakini hesabu zake ziko sawa kila mara. Habari za kazi, baba?"

"Nzuri, mwalimu. Pole na majukumu." Kinyozi akaigeuza kofia. "Nimekuja kwa jambo moja tu. Binti yangu anasema mnaomba kabla ya kuwasha moto. Sisi tuna imani yetu, na tunaomba kwa namna yetu, nyumbani. Hapa nilimleta ajifunze kemia."

"Kuna siku nimemwambia binti yako aombe?"

"Hapana, hujamwambia."

"Nimemkamata shingo nikamwinamisha?"

"La, mwalimu. Ila shida yenyewe siyo hiyo, shida ni kwamba humo ndani..."

"Shida ni Mungu wangu!" Kifuu kikashika moto. "Sema tu ukweli, baba, usizunguke mbuyu. Nimefundisha watoto wa kila dini, sijamuuliza hata mmoja anasali wapi. Sala yangu haina sauti, haina wimbo, haina hata amina. Sasa hata kufumba macho nikaombe ruhusa kwa kinyozi?"

Neno lile la mwisho lilitoka kabla hajalishika mkia. Kinyozi aliinuka, akavaa kofia yake, akaisawazisha kwa mikono miwili.

"Nikisema zaidi utadhani natetea dini yangu," akasema. "Muulize binti mwenyewe, mwalimu. Muulize amewahi kushika nini humo ndani muhula huu mzima." Akaaga kwa heshima, akatoka.

Mama Moto hakuelewa swali lile, na kwa hasira aliyokuwa nayo hakutaka kulielewa. Masikio yake yalikuwa bado yanalia "dini, dini, dini".

"Mwalimu wangu," mwalimu mkuu akasema, leso shingoni, "mimi na wewe tumetoka mbali. Ukiomba nyumbani, ukiomba njiani, ukiomba chooni, nani atakuuliza? Lakini hii ni shule ya serikali. Ukisimama mbele ya darasa, wewe ndiye serikali."

"Serikali haina mikono inayotetemeka."

"Najua habari ya mikono yako. Ofisi ya elimu haijui, wala haitaki kujua. Imeshapata malalamiko, na Jumatano mkaguzi anakuja kukaa nyuma ya darasa lako." Akashusha pumzi. "Ukiinamisha kichwa mbele yake, utanikabidhi ufunguo wa maabara siku hiyo hiyo. Utafundisha kwa chaki mpaka wakubwa waamue, na wakubwa unawajua wanavyoamua. Nakuomba. Nakuomba kabisa. Jumatano moja tu."

Ufunguo ule ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba nyeusi, ndani ya blauzi. Mkono wake ulienda wenyewe ukaushika. Mwalimu wa kemia asiye na maabara ni sawa na mpishi asiye na jiko, atawasimulia watu mapishi mpaka wafe njaa. Na zaidi ya hapo, baada ya kuungua kwake, wengi walikuwa wamemshauri aache moto, afundishe nadharia tu. Alikataa. Kila kichomeo alichowasha tangu hapo kilikuwa ushahidi kwamba moto ule haukumshinda. Wakimnyang'anya ufunguo, basi ule moto wa zamani utakuwa umeshinda, umechelewa tu kufika.

Jioni aliamua kujaribu. Kwake, jiko la gesi liliwashwa na mumewe miaka yote, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, na majirani waliomwona akiinuka kwenye cherehani kwenda kumwashia mkewe jiko walikuwa wameshachoka kumcheka. Leo alimwambia, "Kaa hapo hapo. Nawasha mwenyewe."

Mume akainua nyusi, akaendelea kushona. Mama Moto akasimama mbele ya jiko. Hakuinama. Akashika njiti, akawasha. Mkono ukaanza vidoleni, ukapanda hadi kwenye bega, njiti ikaanguka sakafuni ikazima. Akawasha nyingine, nayo ikaanguka. Ya tatu ilimfikia kwenye kidole, akapiga ukelele, akalitupa boksi zima la kiberiti kwenye sinki lenye maji.

Cherehani ikanyamaza. "Sasa chai tutaichemsha kwa maneno?" mume akauliza toka sebuleni.

"Usinichekeshe. Jumatano wananiondoa maabara."

Akaja akasimama mlangoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. "Hebu nikuulize, mke wangu, usinirukie. Kwani huyo Mungu haoni mpaka umwinamie?"

"Anaona."

"Hasikii mpaka ufumbe macho?"

"Anasikia! Shida siyo Yeye. Shida ni mimi. Nisipoinama, siamini kwamba nimeomba." Na hapo machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele ya sinki lenye viberiti vinavyoelea. Aliogopa. Aliogopa kweli kweli, kama alivyoogopa hospitalini walipokuwa wakimfungua bandeji mara ya kwanza. Mumewe alimshika mabega, na hakumtania tena siku ile.

Jumatano ikafika, kama siku zote mbaya zinavyofika, bila kuchelewa hata dakika.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani na viatu vya raba visivyotoa sauti. Mtu wa viatu vya aina hiyo mwogope. Alisalimia, akakataa kiti cha mbele, akaenda kukaa kwenye stuli kona ya nyuma. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, leso tayari. Watoto walisimama kwenye meza zao, kimya kabisa, maana habari zilikuwa zimeshazunguka shule nzima: leo Mama Moto akiinama, kwisha.

Aliandika hatua ubaoni. Mwandiko ulikuwa safi. Akageuka kwenye meza yake ya mbele, akakagua mpira wa gesi, akauvuta kidogo kuhakikisha umeshika. Akachukua kiberiti.

Mkono ukaanza.

Aliubana kwenye ukingo wa meza. Ukatulia. Akaunyanyua, ukaanza tena. Akapiga njiti, ikavunjika. Akapiga ya pili, ikawaka, ikacheza kama jani, na kabla haijafika kwenye kichomeo ilikuwa imezima. Nyuma kule kalamu ya mkaguzi ikaandika kitu. Jasho lilimshuka mgongoni. Inama tu, mwili wake ukamwambia. Inama, mara moja, halafu yaishe. Akaikaza shingo mpaka ikamuuma.

Watoto walikuwa wakimtazama. Na watoto, jamani, hawana siasa. Walimwona mwalimu wao anazama, wakamrushia kamba waliyoijua. Kiranja wa darasa, kijana mrefu mwenye sauti ya mtu mzima, aliweka viganja mezani. Jirani yake akaweka. Meza moja baada ya nyingine, viganja vikashuka, vichwa vikashuka, macho yakafumbwa, na midomo ikaanza kucheza. Walimwombea. Darasa zima lilimwombea Mama Moto asiondolewe, na kwa kumwombea wakawa wanamwondoa.

Mlangoni mwalimu mkuu alijifunika uso wote kwa leso.

Kichwa kimoja tu kilibaki juu. Binti wa kinyozi, meza ya dirishani, alisimama hatua moja nyuma ya wenzake, mikono nyuma, akimtazama mwalimu kwa macho ya huruma.

Mkaguzi akainuka. Viatu vyake havikutoa sauti mpaka alipofika katikati ya chumba. "Inueni vichwa," akasema kwa upole. "Hivi mlikuwa mnafanya nini?"

Kiranja akakohoa. "Tunanusa gesi, mama. Kama inavuja."

"Macho yakiwa yamefumbwa?"

"Ukifumba macho pua inanusa vizuri zaidi."

"Na midomo?"

Kiranja akameza mate. "Tunahesabu, mama. Moja mpaka tano."

"Nani amewafundisha hivyo? Mwalimu wenu?"

"Hapana, mama. Sisi wenyewe." Na darasa zima likadakia, "Sisi wenyewe!" Watoto ambao jana wasingeweza kukubaliana hata nani afute ubao, leo walikuwa mdomo mmoja.

Mkaguzi akaenda mpaka meza ya dirishani. "Na wewe, binti? Wewe mbona hukunusa?"

Hapo mkono wa Mama Moto ukaenda kwenye ufunguo shingoni. Huyu ndiye ambaye baba yake alikuja ofisini. Huyu ndiye aliyetukaniwa baba. Neno moja tu kutoka kwake, na ufunguo umekwenda. Binti alimtazama mkaguzi, akamtazama mwalimu.

"Mimi nina mafua, mama," akasema.

Mtu mmoja akacheka puani, akanyamaza. Mkaguzi akaandika kitu. "Sawa. Basi mwalimu, naona leo mkono wako hauko vizuri. Mwache huyu mwenye mafua aje awashe kwa niaba yako, kipindi kiendelee."

Mwalimu mkuu akaitoa leso usoni. Tumepona! Kila mtu humo ndani alijua hivyo. Kuwasha kichomeo tu, jambo ambalo darasa hili lilifanya kila wiki.

Binti hakusogea. Wenzake wa meza ile wakatazamana kwa namna fulani, mmoja akatazama sakafu.

"Njoo, mwanangu," Mama Moto akasema.

Akaja. Mwalimu akampa kiberiti, na mara ile akaona jinsi alivyokishika. Alikishika kwa ncha za vidole, juu chini, kama mtu aliyepewa kifaranga. Kisha mkono wake mwingine ukaenda moja kwa moja kwenye koki, kuifungua kabla ya moto. Mama Moto akaushika mkono ule haraka. Huyu, ambaye hesabu zake zilikuwa sawa kila mara! Huyu aliyeandika hatua zote bila kosa!

"Wewe," akamnong'oneza, "hujawahi kuwasha?"

"Hapana, mwalimu."

"Muhula mzima?"

"Hawanipi kiberiti." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kusikika na mtu mmoja tu. "Kwa sababu siinami. Kuna siku moto uliruka kidogo kwenye meza yetu, wakasema ni mkosi wangu. Tangu hapo nakaa nyuma, naandika tu."

Muulize amewahi kushika nini humo ndani. Sasa swali la kinyozi lilimfikia, na lilimfikia kifuani. Muhula mzima alipita kati ya meza zile akikagua mipira, akikagua mashati, akikagua nywele zilizofungwa, hakuna lililompita. Mtoto mmoja alisimama hatua moja nyuma kila kipindi, hakumwona. Angemwonaje? Saa ile ambayo watoto walikuwa wanagawana nani ameinama na nani hakuinama, macho yake yeye yalikuwa yamefumbwa.

"Kuna tatizo hapo?" mkaguzi akauliza.

"Sema hakuna, mwalimu," binti akanong'ona, na sasa alikuwa karibu kulia. "Sema hakuna. Nielekeze tu nitawasha. Ukiondolewa watasema ni mimi."

Ona basi. Njia ya kupona ilikuwa wazi mbele yake, pana, imefagiliwa na kila mtu. Neno moja, "hakuna", na angerudi nyumbani jioni ile na ufunguo shingoni. Na darasa zima lingekuwa limejifunza, kwa vitendo, hatua mpya: kwamba sala ni kitu cha kulindwa kwa uongo, na kwamba aliyeonewa ndiye wa kwanza kudaiwa huo uongo. Fanya nifanyavyo.

"Lipo tatizo," Mama Moto akasema.

Mwalimu mkuu akairudisha leso usoni.

"Hawanusi gesi, mama mkaguzi. Wanaomba. Wamejifunza kwangu. Sijawaambia hata siku moja, lakini niliwaambia wafanye nifanyavyo, na mimi nilikuwa naomba hapa mbele yao kila kipindi. Nilijiambia ni siri yangu na Mungu. Siri gani ya mtu aliyesimama mbele ya darasa!" Akamwekea binti mkono begani. "Na huyu hana mafua. Huyu haombi kama sisi, basi wenzake wakamnyima kiberiti. Baba yake alikuja kuniambia, nikamfokea, sikumwacha amalize. Kama kuna mtu amekosa humu, siyo hawa watoto. Wao hawakuruka hatua."

Kiranja alikuwa ameinamisha kichwa, na mara hii hakuwa anaomba. Kwenye meza ya dirishani msichana mmoja alianza kulia kimya kimya.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. "Nitaandika nilichokiona," akasema, "na nitaandika nilichokisikia. Vyote viwili. Mengine si juu yangu." Akatazama saa ya ukutani. "Lakini kipindi hakijaisha."

"Ufunguo, mwalimu," mwalimu mkuu akasema toka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

"Baada ya kipindi, mkuu. Nina somo."

Akamgeukia binti. "Haya. Soma hatua ya kwanza."

"Kagua mpira."

"Kagua."

Binti akauvuta mpira. Umeshika.

"Sasa kiberiti. Kishike vizuri, hakiumi kikiwa kimezima. Hivyo." Na hapo Mama Moto akahisi kitu, akainua macho. Darasa zima lilikuwa linamtazama yeye. Si binti, si kichomeo. Walitazama kichwa chake, wakisubiri kuona kitakwenda wapi. Akiinama, watainama. Na yeye alitaka kuinama! Mkono wa mtoto ulikuwa umeshaanza kutetemeka, vile vile kama wake, kuanzia vidoleni, na kila mshipa wa shingo yake ulimvuta chini amwombee.

Hakuinama. Aliacha macho wazi, akayakaza kwenye ile mikono midogo iliyoshika njiti, na alichosema moyoni akakisema hivyo hivyo, macho wazi, shingo juu, akitazama moto, mpira, koki na mtoto. Hakuna aliyejua kama amesema kitu. Kwa mara ya kwanza tangu aungue, hata yeye mwenyewe hakuhitaji kitu cha kumhakikishia.

"Washa."

Njiti ikawaka.

"Sogeza mdomoni. Usikimbie. Koki sasa, polepole."

Kichomeo kikavuta pumzi, *fuu*, na moto wa bluu ukasimama wima. Binti akaruka nyuma kidogo, akaurudia, akautazama kana kwamba ameutengeneza yeye. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini yule msichana aliyekuwa analia kwenye meza ya dirishani akajifuta uso, akachukua boksi la kiberiti la meza yao, akalisogeza mpaka mahali binti atakaporudi kusimama.

Kengele ilipolia watoto walitoka bila kelele. Mkaguzi alikuwa ametangulia na viatu vyake. Kiranja alipofika mlangoni alisimama. "Mwalimu, tulitaka kukusaidia tu," akasema.

"Najua, mwanangu. Nenda kale."

Binti alibaki nyuma kukusanya madaftari yake, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie baba nitapita kibandani kwake leo," Mama Moto akamwambia. "Nina msamaha wa kumwomba. Na asinijibu mpaka amalize lile alilokuwa anataka kusema, mimi nikiwa kimya."

"Nitamwambia." Akafika mlangoni, akageuka. "Mwalimu, mimi niliomba. Kabla sijawasha. Ya kwetu."

"Sikuona," akasema Mama Moto.

Binti akafikiri kidogo. "Na mimi sikukuona wewe," akasema, akatoka.

Wakabaki yeye na mwalimu mkuu. Alifunga koki zote, akazikagua tena, akafuta ubao. Kisha akaitoa ile kamba shingoni, ikanasa kwenye hereni, akainasua. Shingo ilibaki nyepesi vibaya. Hakuficha machozi, na mwalimu mkuu alijifanya anatafuta leso yake ilhali alikuwa ameishika mkononi.

"Nitakupigania," akasema. "Nitawaambia ulivyosema mwenyewe. Huenda wakakurudishia."

"Huenda."

Wakatoka nje. Mwalimu mkuu akavuta mlango, akatia ufunguo, akazungusha. Haukuzunguka. Akajaribu tena, akausukuma mlango kwa goti, akalaani kidogo chini chini. Kitasa kile kilikuwa na ukorofi wake, na miaka yote ile hakuna mtu zaidi ya Mama Moto aliyewahi kukifunga.

Mama Moto alimtazama mpaka huruma ikamshinda. Akaja akasimama ubavuni kwake, akaweka kiganja chake chenye makovu juu ya mkono wake.

"Unyanyue mlango kwanza, mkuu," akasema. "Ndipo uvute, ndipo uzungushe. Usiruke hatua."